Esta Atachota Wapi

Samweli alikaa karibu na mlango wa tembe, uso ameuelekeza zizini, kama inavyompasa mkwe. Rahabu, mama mkwe wake, alikuwa jikoni nyuma ya ukuta mfupi wa udongo, akikoroga uji wa uwele. Hawakutazamana wala hawakusemezana. Kila neno lilipitia kwa Mughwai, kaka yake Rahabu, naye alikuwa na tabia ya kufikisha maneno aliyoyapenda na kuyaacha mengine njiani.

Kesho yake lori la kwenda Manyoni lingepita hapo Mungaa. Esta, binti yake Rahabu, angepanda na mumewe Samweli, washike treni hadi pwani, kisha wavuke kwenda Unguja, ambako Samweli alikuwa akiwatembeza wageni walioshuka melini. Ng'ombe walikwisha kuja, ndoa ilikwisha kufungwa kanisani. Ila Rahabu alikuwa hajasema "nendeni", na Esta alikuwa ameapa kwamba bila neno hilo hatoki.

"Haya, mkwe," alisema Mughwai, akisogeza kigoda. "Hao Wazungu wanatazama nini huko?"

"Mengi, mjomba. Kuna msitu wa kima wenye migongo myekundu, wala hawakimbii mtu. Kuna pango, unateremka ngazi mpaka chini ya ardhi. Lakini bahari yenyewe ndiyo ajabu! Asubuhi imejaa hadi kwenye minazi. Mchana huioni, imeondoka. Mashua zimelala ubavu kwenye matope."

"Imekwenda wapi?"

"Mbali kabisa."

Mwiko ulisimama mkononi mwa Rahabu. Habari ya maji kuondoka aliijua. Mwaka mmoja, Esta akiwa bado mgongoni, ziwa Singidani lilirudi nyuma likaacha ukingo mweupe wa magadi. Visima vya mchangani vikafuata. Kabla mvua haijarudi, alikuwa amemzika kaka yake Esta.

"Mughwai," aliita kwa sauti ya chini, "muulize Esta atachota wapi."

Mughwai alikohoa. "Dada anauliza, hao kima wanaliwa?"

"Mjomba!" Esta, aliyekuwa kando ya mama yake, aliacha kupepeta uwele. "Mama hakusema hivyo."

"Nimeanza na lililo muhimu."

Samweli, akidhani hajawafurahisha vya kutosha, aliongeza, "Tena kuna fungu la mchanga katikati ya bahari. Halina mti, halina kivuli. Wageni wanalipenda mno."

"Waambie waje Mungaa," alisema Mughwai. "Mchanga tunao mwaka mzima."

Rahabu aliepua chungu akakitua chini. "Basi. Esta haendi."

Ungo ulimponyoka Esta. Rahabu akainamia chungu chake.

"Wewe chungu, nikuulize wewe. Mtu anampeleka mwanangu nchi ambayo maji yake huondoka. Na hayo yenyewe, nasikia, ni ya chumvi kama ya Singidani. Mwanangu atachota wapi?"

Samweli akamgeukia ndama aliyefungwa mlangoni.

"Wewe ndama, mwambie chungu kwamba maji yale yanarudi. Jioni yako palepale kwenye minazi, na kila siku ni hivyo, kiangazi na masika. Nalo lile pango, chini kabisa mna maji baridi, matamu. Wageni wanachungulia tu na kwenda zao. Wanawake wa kijijini ndio wanaoteremka na ndoo. Nyumba yangu iko karibu. Ukiwa mlangoni mwa pango, unaona moshi wa jikoni."

"Na hayakauki?" chungu kiliuliza.

"Wazee wa pale hawajawahi kuyaona yamekauka."

"Sasa mbona hukuanza na hilo, wewe!" alisema Rahabu, chungu kimemtoka kichwani kabisa.

Mughwai alicheka mpaka akashika ukuta. Samweli akajifunika uso kwa kofia. "Samahani, mama. Nilidhani maji ya kunywa si jambo la kumsimulia mtu."

"Si jambo!" Rahabu aliketi chini. Alihisi mabega yake yakishuka, kama aliyetuliwa mtungi. Kisha akaangua kibuyu chake cha kuchotea kutoka kwenye kigingi, akakipaka siagi ya baraka polepole mpaka kikang'aa, akampa Esta.

"Nendeni," alisema.

Akawajazia uji, huku akiwa bado anawaza. "Mughwai, muulize kama hizo ngazi zinateleza."

Na safari hii Mughwai aliuliza vilevile alivyoagizwa.