Chujio la Marehemu

Kabla ya kuingia maabara ya saketi, wanafunzi walipanga foleni mlangoni, na nesi wa chuo akawavuta kope mmoja mmoja kuona kama wamelala. Aliyelala aliingia. Aliyekesha alirudishwa bwenini. Utaratibu huo ulianza baada ya mwanafunzi mmoja kufa akiwa ameshika meza ya maabara, na chuo kuchunguza na kutangaza kwamba kilichomuua ni kukosa usingizi. Tangazo lilibandikwa ukutani, lina picha ya mto wa kulalia.

Hakuna aliyebisha, ingawa wote walijua kuwa marehemu alikuwa mtu wa kulala fofofo. Aliwahi kulala amesimama kwenye foleni ya chakula, na foleni ikampita. Usiku wa kuamkia kifo chake alikoroma mpaka mwenzake wa chumbani akamtupia kiatu.

Mwenzake huyo aliitwa Popo, kwa kuwa yeye na usingizi walikuwa paka na panya. Zamani alikesha akisoma. Siku hizi alikesha kwa woga, kisha akajiibia usingizi mchana kwenye benchi nyuma ya jiko la bweni, apate macho ya kumwonyesha nesi.

Meza za maabara zilikuwa za chuma, na zilikuwa na umeme. Siku nyingine ulitekenya vinyweleo tu, siku nyingine uling'ata. Fundi wa maabara alimwonyesha Popo sababu. Waya wa ardhi, ule wa kijani na njano ambao kazi yake ni kuupeleka ardhini umeme unaovuja, ulitoka mezani, ukapanda ukuta na kuingia kwenye tundu. Upande wa pili wa ukuta haukutokea.

"Unakwenda wapi?" Popo aliuliza.

"Hauendi popote."

"Umewaambia wakubwa?"

"Nimesema mpaka mate yamenikauka. Wakaniambia nihimize watu walale."

Basi wanafunzi wakazoea kufanya kazi kwa mkono mmoja, mwingine wameutia mfukoni, ili umeme ukimkamata mtu usimpite kifuani kutoka mkono hadi mkono. Aliyewakumbusha ni marehemu mwenyewe. Alikuja kila siku ya vitendo, akakaa kwenye stuli yake ya zamani karibu na dirisha. Hivi hivi hakusikika. Lakini aliyeunga amplifaya yoyote alisikia kwanza mvumo mzito, kama nyuki ndani ya debe, na ndani ya mvumo ile sauti yake ya puani: "Jamani, meza inapiga shoti. Mkono mmoja mfukoni." Mikono ikarudi mifukoni. Mtu mmoja akasema, "Ahsante, marehemu," na kazi ikaendelea.

Mhadhiri hakuwa na ugomvi na marehemu, ugomvi wake ulikuwa na mvumo. Alisema saketi inayovuma ni saketi chafu. Mwisho wa muhula akatoa mtihani: kila mmoja atengeneze chujio, saketi inayopitisha sauti nyingine zote na kuuzuia mvumo pamoja na aliyemo ndani yake. Ambaye chujio lake litavujisha hata neno moja la marehemu, amefeli.

Popo alikuwa amekwisha kurudia mwaka. Akifeli tena, ni kufungasha na kurudi nyumbani. Mama yake alimwambia kwenye simu, "Mwanangu, ukirudi mikono mitupu, uso wangu nitauficha wapi?" Popo aliogopa kufeli. Kufaulu alikuogopa zaidi, kwa sababu kitanda cha chini, kilichokuwa cha marehemu, sasa alikilalia kijana wa mwaka wa kwanza ambaye bweni zima lilimwita Mgeni. Wa mwaka wa kwanza walikuwa bado hawajaanza maabara. Na Mgeni alikuwa na suruali moja ya heshima, mpya, mifuko yake ingali imefungwa kwa nyuzi za kiwandani.

"Fumua hizo nyuzi," Popo alimwambia, akimpa wembe. "Maabarani utahitaji mfuko."

"Mama kasema nisifumue, kaka. Itapwaya."

"Utakufa na suruali iliyonyooka."

Mgeni akacheka. "Si marehemu yupo? Atanikumbusha."

Alasiri moja maabara ikiwa tupu, Popo aliliunga chujio lake, marehemu akiwa ameketi mbele yake.

"Wamenipa kazi ya kukunyamazisha," Popo alisema.

"Nimesikia," spika ikajibu. "Kapasita hiyo kubwa mno. Utawanyamazisha na walio hai."

Popo akabadilisha kapasita.

"Sasa unanisikia?"

"Nakusikia."

"Punguza rezista ya pili. Sasa?"

"Kwa mbali." Popo akaacha bisibisi. "Na hawa wa mwaka wa kwanza?"

"Utawaambia wewe. Kila siku, Popo, siyo mara moja. Mtu husahau mkono wake."

"Kila siku."

Akazungusha taratibu kirekebishi, kile kitufe kidogo cha kulinganisha chujio. Mvumo ukapungua, ukapungua, ukakatika. Zikabaki pumzi zake mwenyewe na mlio wa ndege nje. Mbele yake midomo ya marehemu iliendelea kwenda. Popo alishikwa na hofu, mkono uliokuwa mfukoni ukakunja kitambaa. Angeweza kurudisha nyuma. Akamkumbuka mama yake, akatia tone la gundi kwenye kirekebishi kisizunguke tena.

Siku ya mtihani mhadhiri aliweka sikio kwenye spika. Marehemu alisimama pembeni akipiga kelele, mishipa ya shingo imemtoka. Mhadhiri akamwomba asogee kidogo, anamzibia mwanga. Kisha akasema, "Safi. Safi kabisa," akampa Popo alama za juu, na kuagiza kila meza ifungwe chujio kama lile. Vifaa vilipatikana wiki ileile.

Popo alitimiza ahadi. Muhula uliofuata wanafunzi wa mwaka wa kwanza walianza maabara, na kila siku alitangulia ndani akawaambia, mkono mmoja mfukoni. Wakamjibu, "Sawa, kaka." Lakini siku moja benchi la nyuma ya jiko liliondolewa kupakwa rangi, naye hakupata pa kusinzia. Siku hiyo nesi alimvuta kope, akatikisa kichwa.

"Hujalala wewe. Rudi bwenini."

"Dada, nataka kusema neno moja tu."

"Lala kwanza."

Popo akakimbia kuzunguka jengo mpaka dirishani. Mgeni alikuwa amekaa kwenye meza ya marehemu, mkono mmoja umeshika waya. Marehemu alikuwa amemwinamia sikioni. Popo akagonga kioo kwa nguvu, akapiga paja lake pale penye mfuko. Mgeni akainua kichwa, akaelewa, akatabasamu. Mkono wake mtupu ukashuka kutafuta mfuko, ukateleza juu ya zile nyuzi, ukarudi juu, ukatua mezani.

Chuo kilichunguza na kutangaza kwamba marehemu mpya hakuwa amelala vya kutosha. Picha ya mto ilibadilishwa, ikawekwa kubwa zaidi. Waya wa kijani na njano uliendelea kuingia ukutani.

Jioni Mgeni alirudi chumbani, akakaa kwenye kitanda chake, suruali imenyooka vilevile. Yule wa zamani akaja akakaa kando yake. Wote wawili walimtazama Popo na kusema, kwa muda mrefu, neno lilelile.

"Najua," Popo aliwajibu.

Akapanda kitanda cha juu. Akatega sikio, lakini hapakuwa na chochote cha kusikia, na usingizi ukamchukua mpaka asubuhi.

Mlangoni pa maabara nesi alimvuta kope, akaridhika. "Leo umelala vizuri," alisema, akampisha. Popo akatia mkono mfukoni, akaingia.