Makofi Nyuma ya Mlango

Kifungo cha juu cha gauni la mama kiligoma kuingia, naye hakuwa na subira.

"Vidole vyako vinajua kalamu tu," alisema. "Harakisha, tutakosa viti vya mbele."

"Viti vya mbele ni vya waalikwa, mama."

"Kwani mimi nani? Miaka arobaini na miwili nakaa nyumba hii. Nimealikwa na kuta."

Mwanawe alicheka, akafunga kifungo, akajipapasa mfuko wa shati. Kalamu mbili zilikuwepo. Ndilo jina alilopewa mtaani, Kalamu Mbili, na mwenyewe alipenda kueleza kwamba moja hukata wino kila mheshimiwa anapoanza kuahidi. Alikuwa na miaka hamsini na minane, na zaidi ya nusu yake aliimalizia kwenye gazeti la mtaa, kurasa nane, kila Ijumaa. Hakuwa na digrii. Alichokuwa nacho ni hatimkato, yale maandishi ya mikunjo na vitone aliyojifunza shule ya jioni, yanayokwenda sambamba na mdomo wa msemaji. Mheshimiwa akisema leo na kuruka kesho, watu walimwendea: hebu tusomee. Naye aliwasomea neno kwa neno, hata kikohozi. Ndivyo walivyolinusuru soko miaka sita nyuma.

Safari hii ilikuwa zamu ya nyumba zao wenyewe. Nyumba ishirini na nne kando ya reli zilikuwa zimepigwa alama ya X nyekundu, na mgombea udiwani alikuwa anakuja ukumbini kusema kama, akipata kiti, atazibomoa au ataziacha.

Walitembea polepole, mkono mweusi wa mama umeshika mkono mweupe wa mwana. Baba yake alikuwa mhandisi mzungu wa reli. Aliondoka mtoto hajaota meno, akamwachia pua, nywele na ngozi, basi.

Mlangoni alisimama fundi viatu, jirani yao wa nyumba ya tatu, leo kavaa tai. Miguuni pake ilikuwepo ndoo iliyojaa simu, maana kamati haikutaka mtu arekodi, na kila aliyeingia aliacha yake. Juu ya kichwa chake walikuwa wamebandika karatasi: WAANDISHI WEUSI PEKE YAO.

"Shikamoo mama, pita," alisema fundi. Kisha akaviangalia viatu vya Kalamu Mbili, ambavyo yeye mwenyewe alivitia soli. "Ndugu yangu, karatasi unaiona."

"Naiona. Na kusoma najua."

"Si mimi, ni kamati. Tumechoka na magazeti yao. Tukidai maji, wanaandika vurugu. Tukizika mtu wetu, vurugu. Tukasema leo tuongee wenyewe, bila mzungu kutukodolea macho."

"Mna haki ya kuchoka. Mimi nilichoka kabla yako. Lakini fundi, mimi ni wa nani?"

Fundi alijikuna shingo. "Nakujua. Ila walisema tukianza kuchambua, huyu mweupe wetu, yule si wetu, mlango huu hautafungika."

"Huyu nimemzaa mimi!" Mama alipaza sauti hadi waliokwishakaa wakageuka. "Mkimpima yeye, njooni mnipime na tumbo."

"Mama, ingia." Kalamu Mbili alimshika bega. "Ukanisikilizie. Ushike maneno yenyewe, sio maana yake. Maneno."

Mama akaingia. Alimtazama mara mbili kabla watu hawajamfunika.

Mara ikasimama gari, akashuka mwandishi wa gazeti kubwa la mjini, mzungu, kijana wa tabasamu jepesi. Aliisoma karatasi, akacheka kidogo.

"Wametutoa wote. Panda, mzee, twende zetu."

Kalamu Mbili alilijua gazeti hilo. Alipokuwa kijana aliomba kazi pale, wakamjibu kwa adabu kuwa wasomaji wao hawajazoea sura ya namna yake.

"Nenda tu," alisema. "Mimi nimeshafika. Kwetu ni hapa."

Gari likaondoka. Akakaa kwenye ngazi, chini ya dirisha la juu. Alisikia viti vikivutwa. Alisikia kikohozi cha mama yake. Kipaza sauti kililia, kisha ikaja sauti nene, kama mtu anaongea ndani ya pipa: sauti tupu, maneno hakuna. Aliujua ukumbi ule kama kiganja chake. Kiti chake kilikuwa safu ya pili, karibu na nguzo, mguu mmoja mfupi, na ni yeye aliyeukunjia karatasi ili kisicheze. Nani kakaa pale sasa? Anajua kwamba ukiegemea kushoto kinalia? Walipocheka wote kwa pamoja, naye alijikuta ametabasamu, kisha akaona haya, kwa sababu hakujua kilichochekesha.

Mkono ukafungua daftari wenyewe, kwa mazoea.

Watu walipotoka, wa kwanza alikuwa dada wa redio, mweusi, mwandishi pekee aliyeruhusiwa.

"Mzee, niazime daftari lako ninaki..." Akaziba mdomo. "Mungu wangu. Hukuwemo."

"Wewe ulikuwemo."

"Bila simu! Mimi bila simu ni kiziwi. Siku zote nanakili kwako."

"Nyumba je? Alisemaje?"

"Alisema hazitaguswa. Au hazitaguswa bila wakazi kuulizwa. Kitu kama hicho. Makofi yalimeza."

"Alisema kamwe!" fundi aliingilia.

"Alisema mwaka huu," mtu mwingine akapinga.

"Alisema atajitahidi," akasema wa tatu.

Fundi aliangalia ndoo ya simu, akamwangalia Kalamu Mbili, akaanza kuilegeza tai yake. Nyumba ya tatu nayo ilikuwa na X.

Mama alitoka mwisho, macho yanang'aa. "Andika, mwanangu. Nyumba zimesalimika."

"Umesikia akisema hivyo?"

"Nimesikia watu wanafurahi."

Kalamu ilikuwa mkononi. Alitamani kuandika, tena sana, maneno mawili tu, na mtaa mzima ungeyashika kama ngao. Lakini hakuwa ameyasikia.

Ijumaa, mama alivaa miwani iliyofungwa uzi, ingawa kusoma hakujua, akamwambia amsomee. Habari ilikuwa fupi:

"Saa kumi na dakika tano, makofi. Saa kumi na nusu, makofi marefu. Saa kumi na moja kasorobo, vigelegele. Mwandishi alitambua sauti ya mama yake. Ahadi iliyotolewa, mwandishi hakuruhusiwa kuisikia."

Nje, wapimaji wa manispaa walikuwa wanavuta kamba kutoka nyumba ya kwanza. Fundi viatu alikuwa anawapigia kelele kwamba mheshimiwa ameahidi, nao wanamuuliza, wapi imeandikwa?

Mama aliivua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni, akaivaa tena.

"Hebu nisomee tena," alisema, "pale nilipopiga vigelegele."

Akamsomea.