Meja Mlangoni kwa Bi Mwanamize

Kwa maelezo ya Bi Mwanamize, Jumanne saa tano alifungua mlango akamkuta Meja, lile libwa la Baba Nice wa ghorofa ya juu, limekaa juu ya tambara la kufutia miguu, limemkodolea macho. "Hakubweka, hakunguruma! Kakaa kama askari wa benki!" alisimulia ngazini, sauti ikafika mpaka madukani chini.

Mwanne, dada wa kazi kwa Baba Nice, hakuelewa. Meja anafungiwa juu ya paa, kwenye banda la nondo, na komeo analitia yeye mwenyewe. Siku hiyo alirudi sokoni akakuta komeo limefungwa na mbwa ndani. Tena kwa miezi mitatu amemfundisha kukaa, kurudi akiitwa, na kutokula kitu kisichotoka mkononi mwake.

Baba Nice hakutaka maneno mengi. "Katoka mara moja, atatoka tena. Akimng'ata mtoto wa watu? Jumamosi anaenda kulinda yadi ya Buguruni. Na wewe, dada, nilikuajiri kwa ajili yake. Tuagane vizuri."

Alhamisi Mwanne akaaga kama anakwenda sokoni, akajibanza nyuma ya tangi la maji. Mlango wa paa ukalia. Bi Mwanamize huyo, mkono kauvisha mfuko wa nailoni, akavuta komeo.

"Haya, bwana mkubwa, twende kazini."

Akamnyoshea mnofu. Meja akaula kana kwamba hajafundishwa lolote, akamfuata.

Mwanne alishuka hajui amkasirikie nani. Mbwa keshakaa mlangoni. Bibi ananawa mkono kwa maji ya kopo na udongo wa chungu cha mshubiri, mara saba kama dini ilivyoagiza kwa najisi ya mbwa.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Usinisemeshe, nitasahau nimefika ya ngapi."

"Si wewe uliyemshitaki Meja?"

"Nimshitaki kwa lipi? Yule dalali anayenisumbua niuze nyumba alikuwa ngazini. Nilitaka asikie. Tangu juzi hajapanda."

"Na Baba Nice kasikia! Jumamosi Meja anaondoka, mimi narudi Handeni."

Bibi akasugua kiganja. "Wanangu wakijua namlisha mbwa, mwanangu, nitauweka wapi uso?"

"Naomba upande kwa Baba Nice, Bibi. Mwambie tu ni wewe uliyefungua."

Bi Mwanamize akainamisha kopo, akajimwagia maji mara ya nane, taratibu, kidole kimoja kimoja.