Haruni wa Sindeni

Edna alifukua shimo jingine kwa vidole. Punje ilikuwa imeoza, inanuka. Masika ilikuwa imenyesha vizuri, na shamba zima halikuwa na hata jani la hindi. Akarudi nyumbani, akazimwaga mbegu zilizobaki kwenye beseni la maji. Rangi nyekundu, iliyofanana na dawa ya mbegu za dukani, ikatoka yote. Chini yakabaki mahindi ya kula, tena yaliyobunguliwa.

Yeye ndiye mwinjilisti wa kanisa la Sindeni, na yeye ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba akiwahimiza watu washushe mahindi ya mbegu waliyoyatundika juu ya moto jikoni, wayapike kwenye sikukuu ya shukrani. Gregori, mwenyekiti wa kijiji na mzee wa kanisa, alikuwa ameahidi mbegu za kisasa, na ndiye aliyezigawa. Zile za jikoni, alisema, ndizo zilizowafunga kwenye umaskini. Watu wazima na akili zao wakala, wakashiba, wakampigia makofi. Hata Bi Mwaija, jirani Mwislamu anayelea wajukuu peke yake, alizishusha zake.

“Kwa kuwa ni wewe, mwanangu,” alimwambia Edna siku ile.

Edna alimkuta Gregori barazani anakunywa chai.

“Shikamoo mzee. Zile mbegu zimepakwa rangi tu.”

“Marahaba. Mimi nilipokea, nikagawa. Kilichotoka ndicho hicho.” Akapuliza chai yake. “Halafu, mama mwinjilisti, aliyepita kwa watu kuwahimiza washushe mahindi ni nani? Jumapili wafundishe habari za Ayubu, wavumilie. Chakula cha msaada kinakuja, na mimi ndiye nitakayesema nani apate.”

Jumapili Edna hakumfungua Ayubu. Alisimulia habari za Haruni: jinsi watu walivyovua herini zao wakampa, naye akawatengenezea ndama wa kuabudu, na Musa alipomuuliza, akajibu kwamba aliitupa tu dhahabu motoni, ndama akatoka.

“Sindeni tuna Haruni wawili,” alisema. “Mmoja amekaa pale mbele. Mwingine ni mimi.”

Gregori alisimama taratibu, akachukua kofia yake, akatoka. Mtu mmoja akamfuata, kisha benchi zima, kisha akina mama na watoto mgongoni, hakuna aliyemtazama Edna usoni. Hakuweza kuwalaumu. Walikuwa na midomo ya kulisha, na msaada ulikuwa mkononi mwa yule yule aliyewaangamiza. Lakini moyo ulimuuma.

Alibaki Bi Mwaija tu, ambaye hakuwahi kuingia kanisani. Alikuwa amesimama mlangoni na bakuli tupu mkononi.

“Nimekusikia, mwanangu. Umesema kweli,” alisema. “Sasa mvua inakaribia kukatika. Nipande nini?”

Edna alilitazama lile bakuli. Biblia ilikuwa bado wazi mbele yake, na nyumbani kwake, juu ya moto, kamba ya mahindi ya mbegu ilikuwa inaning'inia bila kitu.