Vidole Viwili vya Mchanga

Farasi wa tatu alivunjika mguu Jumamosi ya mwisho ya Juni 2014, pale pale walipovunjika wawili wa kwanza: kwenye kona ya mwisho, kabla njia haijanyooka kuelekea jukwaa la watazamaji. Joki aliyempanda alirushwa, akainuka akichechemea. Farasi hakuinuka. Wakamzungushia pazia la kijani, daktari akamchoma sindano ya kumaliza maumivu na uhai, na baada ya nusu saa mbio nyingine zikaanza.

Pascasie Birindwa aliyaona yote akiwa na reki mkononi. Kazi yake katika uwanja huo, kusini mwa Minneapolis, ilikuwa kufukia mashimo ya kwato kila mbio zinapokwisha. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu. Huko Walungu, Kongo, kabla vita haijamfukuza, alikuwa amelima mihogo na maharagwe tangu utotoni.

"Ni damu, Mama Maombi," alisema Harrison, Mkenya aliyekuwa msimamizi wake. "Wawili kati ya hao ni wajukuu wa dume mmoja. Wanazalishwa wawe na mbio tu. Kifua cha simba, miguu ya korongo."

"Sawa, bosi. Lakini damu imeijuaje kona?"

Harrison akacheka.

Jumatatu hapakuwa na mbio. Pascasie alitoka nyumbani, Maplewood, alfajiri, na ndani ya gari alikuwa na kipande cha nondo nyembamba alichokichora mistari kwa rangi ya kucha ya bintiye, Maombi. Uwanjani, akawa anakichoma kwenye njia ya mbio kila baada ya hatua kumi. Juu kulikuwa na mchanga laini. Chini yake, udongo ulioshindiliwa ulikuwa mgumu kama saruji. Vidole vinne vya mchanga. Vinne. Vinne na nusu. Alipofika konani, nondo iligonga mapema. Viwili. Akarudia mara tano bila kuamini, mwishowe akapiga magoti na kufukua kwa mkono.

Sasa alitaka kujua mchanga umekwenda wapi. Akasimama kando ya uzio mpaka trekta lilipokuja kupiga haro, ile reki kubwa ya chuma ya kusawazisha mchanga. Dereva alipomaliza, alitoka kupitia lango dogo la konani, meno ya haro yakiwa bado chini, yakiburuta mchanga mpaka nje. Nyuma ya lango palikuwa na tuta zima, na magugu yameshaota juu yake.

Akamwita Harrison. Harrison akachoma nondo mwenyewe, mara tatu.

"Mungu wangu. Mimi napita hapa miaka sita."

"Wewe unapita na gari, bosi."

Kona ilifungwa siku mbili, mchanga ukarudishwa, na madereva wakaamriwa kuinua haro kabla ya lango. Wakubwa walipouliza nani aliyegundua, Harrison akamtaja. Wakamtazama mama yule mwenye reki, wakampa mkono.

Julai nzima ikapita salama. Pascasie akaanza kulala vizuri. Kisha, katikati ya Agosti, farasi jike wa ukoo uleule akavunjika kwenye njia iliyonyooka, mbali na kona. Pascasie alikwenda kupima. Vidole vinne kamili.

"Kumbe na wewe ulisema kweli," alimwambia Harrison.

"Afadhali ningekosea, mama."

"Na yule babu yao, bado anapandishwa?"

"Mwaka huu kapandishwa majike zaidi ya mia. Watu wanataka mbio."

"Na mifupa, nani anaiuliza?"

Harrison alijua mtu wa kumpeleka kwake. Juma lililofuata alimfikisha kwa daktari wa farasi, mzee mpole aliyeweka mbele yao mfupa uliosafishwa wa mguu wa yule jike. Kando ya pale ulipokatika, daktari aliwaonyesha nyufa nyembamba kama unywele. Hizo, alisema, zilikuwapo majuma mengi kabla ya siku ile. Mnyama alikuwa akikimbia nazo.

Pascasie akapitisha kidole juu yake taratibu. Akamgeukia Harrison.

"Muulize: mguu wa pili, ule mzima, ameuangalia? Kama ni damu, ufa hautakaa mguu mmoja."

Harrison akatafsiri. Daktari akavua miwani, akaenda kuuleta. Wakaugeuza chini ya taa, vichwa vitatu vikiwa vimekaribiana.

Nao ulikuwa na ufa.