Waliopigwa Mlangoni mwa Sherehe Yangu

Siku ile nilijilaza baada ya sala ya alasiri. Nilikuwa nakaribia kutimiza miaka sitini, na nilikuwa nimewaomba marafiki waje kwenye sherehe ya kuzaliwa kwangu bila zawadi, ila wachangie mabati ya chumba cha kujifungulia kule Kwamzinga, kijiji nilichozaliwa. Wanawake wa huko walibeba mchanga wa mtoni vichwani mpaka kuta zikasimama. Lakini mchana mdogo wangu Zawena, aliyesimamia maandalizi, aliniambia, "Dada, wale wa kijijini tusiwaalike. Wanakuja wakubwa, wao na kanga zao zilizopauka tutawakalisha wapi?" Nikamjibu, "Fanya unavyoona," nikamwacha sebuleni, nikaenda kusali na kulala.

Nikaota nimesimama kwenye uwanda wa udongo mwekundu, upepo ukivuma na harufu ya wali na damu. Pembeni yangu alikuwapo mwanamke mwenye kovu kutoka sikioni hadi kidevuni. "Naitwa Insafu, mwenye kupima haki," akasema kwa upole. "Twende kwenye sherehe yako, bibi, na usifumbe macho." Tukatembea juu ya vigae vya sahani vilivyonichana nyayo, hata tukafika kwenye jumba lenye taa za kila rangi. Mlangoni walisimama mabawabu wawili wenye nondo mikononi, Kiburi na Choyo, wakanipisha huku wameinama. Ndani, Fahari, bwana mrefu aliyevaa joho la dhahabu, alinikalisha kwenye kiti cha juu na kunipa kisu. "Kata keki, mama. Leo ni siku yako."

Nilipoikata tu, wageni waliirukia. Mzee mmoja alimng'ata mwenzake mkono ili akiachie kipande cha keki. Mwanamke alimbamiza jirani yake kichwa mezani, sahani zikaruka, na wote wakaendelea kuniimbia, vinywa vimejaa damu na sukari. Fahari akacheka, akanishindilia keki mdomoni, tonge juu ya tonge, mpaka nikashindwa kupumua.

Ndipo nikasikia vilio vya nje. Wanawake walikuwa wakija wamejitwisha ndoo za mchanga, na mbele yao Huruma, mama mnene aliyemshika mkono msichana mwenye uchungu wa kuzaa. "Tumekuja kwa mwenzetu," akasema Huruma. Choyo akampiga nondo ya mkono. Niliusikia mfupa ukivunjika. Ndoo zikaanguka. Kiburi akamkanyaga msichana tumboni, naye akapiga yowe; muziki wa ndani ukaongezwa sauti ili kulizima.

Nikashuka kitini mbio. Nondo ikanipata begani, nikaanguka juu ya yule msichana, nikajaribu kumfunika kwa mwili wangu. Insafu akainama sikioni mwangu. "Hawa hawapigi kwa hasira yao, bibi. Wanapiga kwa idhini. Aliyewapa ndiye awezaye kuiondoa."

"Ametuambia tufanye tunavyoona," Kiburi akasema, akiinua nondo juu ya kichwa cha Huruma. Huruma hakukimbia. Alinitazama mimi. Nilitaka kusema, lakini keki ilikuwa imeniziba koo. Nikaingiza vidole mdomoni, nikaichokoa pamoja na damu, nondo ikishuka, nikapiga kelele, "Waingie!"

"Nani aingie?" Zawena alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba changu, ameshika kitambaa cha mapambo. Jasho lilikuwa limenilowesha shuka. Nilimtazama mdogo wangu, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba ukatili ule wote haukuanza na nondo. Ulianzia sebuleni kwangu, kwa maneno mawili niliyoyasema ili nisisumbuliwe.

"Wanawake wa Kwamzinga," nikasema. "Tena hatutawaleta huku. Sisi ndio tutakwenda kwao."

"Dada, umechanganyikiwa? Ukumbi umeshapatikana! Na wale wakubwa?"

"Atakayekuja atakaa mkekani na wenyeji. Asiyetaka, abaki kwake."

Zawena akanuna, akatoka bila kuaga. Nikachukua simu, nikampigia Mama Chausiku, kiongozi wa wale wanawake, nikamweleza. Akauliza kwa sauti ya woga kidogo, kama mtu anayehofia kukosea, "Kwa hiyo, mwanangu, nasi tunaruhusiwa kukuimbia?"

Nililia kwanza, ndipo nikamjibu.