Mji Uliotembea Kichwa Chini

Mwalimu alikuwa amestaafu miezi mitano tu, na tayari alikuwa amewachosha watu wa nyumbani kwake. Hesabu alizofundisha miaka thelathini zilimwasha kichwani, zikitafuta pa kutokea. Ndipo akaugundua mchezo wa visanduku. Mtu anaficha kisanduku mahali fulani, anaweka fumbo kwenye mtandao, na yeyote mwenye miguu na simu anakwenda kukitafuta. Zawadi hakuna. Ukikipata unaandika jina lako kwenye kijitabu kilichomo, unakirudisha, basi.

"Basi?" aliuliza wifi yake, fundi cherehani, akiwa amebana pini mdomoni. "Wifi, kweli kazi umekosa."

"Kipo maktaba, hapo ng'ambo ya barabara yako. Miaka miwili hakuna aliyekipata. Njoo unisaidie macho."

Fundi alikuwa ameshona mkabala na maktaba ile miaka ishirini na miwili, na hakuwahi kupanda hata ngazi yake moja. Vitabu aliwaachia wenyewe. Lakini wifi yake akishikilia jambo ni kupe, hang'oki. Akafunika cherehani wakavuka.

Fumbo lilitaka vitabu vitatu: cha nyuki, cha nyota na cha visima. Mgongoni mwa kila kimoja palikuwa na namba, na tarakimu zake za mwisho zikajaza mapengo katika namba za ramani zinazoonyesha mahali. Mwalimu alikokotoa juu ya bahasha kuukuu, akaingiza jibu kwenye simu. Simu ikawavuta hatua kwa hatua mpaka pembeni, kwenye rafu ya magazeti ya zamani.

"Hapa hapa," mwalimu alinong'ona.

Wakapapasa kila mahali. Wakaambulia vumbi. Mstari wa mwisho wa fumbo ulisema: *Nipo mahali mji unapotembea kichwa chini.* Mwalimu akainama kuchungulia chini ya rafu mpaka miwani ikamdondoka. Akapanda ghorofani, akarudi mikono mitupu.

Fundi alitoka nje kupunga upepo. Akalitazama jengo kama anavyomtazama mteja anayeingia dukani: mabega, kiuno, urefu. Kisha akarudi ndani, akapanda ghorofani kwenye ukumbi wa kusomea, akahesabu kwa kidole.

"Wifi! Vipimo havilingani. Nje madirisha ya juu ni manne, moja limezibwa mbao. Humu ndani ni matatu. Hii nguo ina mfuko wa siri."

Mwalimu akaitazama simu yake. "Na simu inajua mbele na nyuma..."

"Juu na chini haijui. Kipo huku ghorofani, juu ya magazeti yako."

Wakamwendea mkutubi, mzee mrefu aliyeongea kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Waliposema chumba cha dirisha la nne, alifungua droo, akatoa ufunguo.

"Miaka miwili nangoja mtu aniombe huu," alisema. "Ingieni, fungeni mlango, msiwashe taa. Subirini macho yazoee."

Kilikuwa kistoo tu, kitupu, chenye kuta nyeupe. Walipofunga mlango, giza totoro. Katika mbao za dirisha palikuwa na tundu moja, dogo kama kifungo cha shati. Walisimama, kila mmoja akiisikia pumzi ya mwenzake.

Polepole ukuta ukaanza kuchanua.

Kwanza ilikuja buluu, chini karibu na sakafu: ilikuwa mbingu. Juu yake mapaa ya nyumba, yakining'inia. Juu zaidi barabara, na mtu akiendesha baiskeli, magurudumu yakiwa juu na kichwa chini, anapita kimya kabisa. Nguo zilizoanikwa zilipepea. Rangi zote zilikuwamo. Hapakuwa na mashine wala waya. Ni mwanga tu, umeingia kwa tundu la kifungo ukaleta mji mzima.

"Ee Mungu wangu," alisema mwalimu. Hesabu zote zilimkimbia.

Katikati ya ukuta fundi aliliona duka lake. Gauni la kijani alilolitundika asubuhi lilikuwa likicheza na upepo mlangoni. Kumbe kila siku ya jua, miaka yote ile, alipokuwa ameinamia cherehani akidhani hakuna anayemwona, alikuwa hapa, amechorwa kwa nuru katika chumba kisicho na mtu. Akanyoosha kiganja, na gauni likapepea juu ya ngozi yake. Machozi yakamtoka.

Kisanduku kilikuwa chini ya ukuta ule, kopo la biskuti. Kijitabu hakikuwa na jina hata moja. Mwalimu aliandika majina yao gizani, mistari ikipanda na kushuka.

"Kaa hapa hapa, wifi," fundi alisema ghafla. "Usitoke."

Akashuka ngazi mbili mbili, na umri wake ule, akavuka barabara, akasimama mbele ya duka lake juani. Akaligeukia dirisha lililozibwa, akainua mikono yote miwili, akazunguka, akacheza.

Mteja aliyekuwa akimsubiri alishangaa. "Fundi, unampungia nani? Mbona dirisha limefungwa?"

"Wewe simama hapa kando yangu," alisema fundi, akihema. "Inua mkono. Unaonekana."